Mimi na Sadru Tulipotumwa Kukagua Ufuko wa Harusi

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa jibu lake. Joaki nilimwambia nilikwenda kupumzika. Berta nilimwambia daktari ameniagiza maji ya chumvi kwa ajili ya magoti. Kumbe Jumamosi mkikaa kwenye kahawa pale Agincourt, hapa hapa Toronto, mnalinganisha maneno! Basi afadhali niandike yote mara moja, msome, mcheke, yaishe.

Binti yangu Lorena, muuguzi, mnamjua. Mchumba wake ni Karim, mtoto wa Sadru aliyekuwa na duka la dobi kule Don Mills. Sisi ni Wagoa wa Tanga, Wakatoliki. Wao ni Waismaili wa Mwanza. Watoto waliona wakichagua kanisa upande mmoja utanuna, wakichagua jamatikhana upande wa pili utanuna, wakaamua harusi ifungwe ufukweni, visiwa vya Karibi, ambako hakuna wa kununa ila samaki. Mke wangu Filo akapenda hoteli moja ya Jamaika. Gulzar, mke wa Sadru, akapenda nyingine ya Saint Lucia. Zote ni zile hoteli za kifahari ambazo ukishaingia getini, chakula, vinywaji, bahari na muziki vyote ni vyako mpaka utakapoondoka. Wanawake wakabishana kwa simu mpaka wakaacha kupigiana. Mwisho Lorena akasema, "Akina baba waende. Wakae hoteli zote mbili, walinganishe, warudi na jina moja."

Mnajua nilikuwa karani wa bima. Maisha yangu yote nimelipwa kutafuta ufa kwenye ukuta mzima. Na jambo ambalo Filo hakulijua ni hili: sikuitaka harusi ya mchangani hata kidogo, na siku nyingine sikuitaka harusi yenyewe. Si kwamba Karim ana kasoro. Ana adabu, na anakula bilinganya zangu bila kulazimishwa. Lakini kila nilipojiuliza wajukuu wangu watabatizwa wapi, nilikuwa sipati usingizi. Nikaazimia kwenda Karibi na kuziona hoteli zote mbili mbaya. Harusi isiyo na mahali huahirishwa, na kilichoahirishwa huweza kusahaulika.

Ndivyo nilivyoondoka nyumbani, mkaguzi mwenye hukumu tayari mfukoni.

Kutoka kwenye theluji

Karim alitupeleka uwanja wa ndege asubuhi ambayo theluji ilikuwa ikidondoka kama mtu anachekecha unga. Sadru alivaa sweta mbili, na chini yake shati lenye picha za mananasi. Mkononi alikuwa na mfuko wa mihogo ya kukaanga yenye pilipili ambao Gulzar alimpa, kana kwamba tunakwenda kwenye njaa.

Tukapanda ndege, tukafunga mikanda, halafu tukakaa. Ndege ilikuwa inasubiri kupigwa dawa ya kuyeyusha barafu mabawani, na foleni ya ndege za kupigwa dawa ilikuwa ndefu. Jirani yetu, mwanamume mkubwa mwenye kofia ya majani na kaptura, alianza kulalamika njaa. Sadru, mtu mkarimu, akamfungulia mfuko.

"Chukua, ndugu yangu. Ni mihogo."

Yule bwana akachota kiganja kizima, akatia mdomoni. Uso ukageuka mwekundu, machozi yakamtoka, akawa anashika koo bila kusema neno. Mhudumu akaja mbio, akauliza kwa sauti kama kuna daktari ndani ya ndege. Sadru akainua mkono ili aeleze kwamba ni pilipili tu.

"Njoo, daktari!" mhudumu akasema.

"Mimi si daktari, mimi ni dobi."

Maelezo hayo hayakumtuliza mtu. Ilibidi rubani aambiwe, na zamu yetu ya kupigwa dawa ikaenda kwa wengine. Yule bwana alipopata pumzi alimwomba Sadru mihogo zaidi, lakini abiria wengine walikuwa wameshatuchukia.

Jamaika, hoteli ya Filo

Joto la Jamaika lilinikumbatia mlangoni mwa ndege kama shangazi asiyeniona miaka mingi. Nikajikumbusha kwamba sikuja kufurahi.

Hotelini tulipokewa na binti mmoja mchangamfu. Akatazama kompyuta yake, akapiga makofi.

"Naona hapa pana harusi! Hongereni sana!"

"Asante," nikasema.

"Mmesubiri muda mrefu?"

Nilidhani anauliza habari za watoto. "Miaka kadhaa," nikamjibu. "Unajua, familia zote mbili hazikufurahi."

"Poleni jamani. Kwa sababu gani?"

"Dini," nikasema.

"Na sasa?"

Sadru akadakia, "Sasa tumechoka kushindana. Liwalo na liwe."

Binti akaweka mkono kifuani, macho yakamlengalenga. Tukaenda zetu chumbani tukisema Wajamaika ni watu wenye huruma ya ajabu, hata kwa harusi za wasiowajua.

Sadru ndiye aliyefungua mlango, na hapo mlangoni akaganda, begi mkononi. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja, kikubwa kama uwanja wa mpira, kimemwagiwa maua mekundu kwa umbo la moyo. Juu ya maua, taulo mbili zilikuwa zimekunjwa kuwa bata maji wawili wenye shingo ndefu.

"Kaitano bwana," akasema. "Hawa bata wanafanya nini?"

"Wanabusiana."

"Wanabusiana kwa nini chumbani kwetu?"

Nikayapitia moyoni mazungumzo ya kule mapokezi, neno kwa neno. Nikatafuta kiti, nikakaa.

Nilipomweleza, Sadru aliruka kwenye simu kwenda kusahihisha. Lakini yule binti wa mapokezi hakumpa nafasi. Alikuwa na habari zake. Sadru akasikiliza, akaziba simu kwa kiganja.

"Anasema maharusi hutandikiwa meza yao peke yao ufukweni," akaninong'oneza. "Kuna kamba koche."

"Kamba koche?"

"Na keki." Akafikiri. "Kaitano, sisi tumesema uongo?"

"Hatujasema."

"Tumeulizwa kama pana harusi, tumesema ipo."

"Na ipo."

Akaondoa kiganja kwenye simu. "Asante sana, binti yangu. Tutakuja."

Basi tukala kamba koche, wakubwa, wamechomwa kwa siagi na kitunguu saumu, huku mawimbi yakija mpaka karibu na viatu vyetu. Nisingeomba zaidi duniani, ila bendi ilikuja. Kiongozi wake akatangaza kwa kipaza sauti kwamba usiku huo kuna maharusi waliovumilia upinzani wa familia mbili na dini mbili. Hoteli nzima ikasimama, ikapiga makofi. Sadru alipunga mkono kama mbunge.

Meza ya jirani walikaa wazee wawili wa Halifax, Walter na Pierre, ambao wameishi pamoja tangu wakiwa na nywele. Walikuja kutupa mkono wa pongezi.

"Neno moja tu la wosia," Walter akasema. "Asiyekoroma alale kwanza. Mengine yote yatajipanga."

Walipoondoka, Sadru aliweka uma chini. Wale wazee walikuwa wametufurahia kwa moyo mweupe, nasi tumewarudishia uongo. Nikaona hata yeye amepata aibu. Lakini kamba aliwamaliza.

Usiku ule nilisema mgongo unaniuma, nikapewa kitanda. Sadru akalala kwenye kochi na bata mmoja chini ya kichwa.

Asubuhi, kwenye kifungua kinywa, Sadru aliwaendea Walter na Pierre akawaambia ukweli wote. Walter alicheka mpaka Pierre akawa anampiga mgongoni. Halafu tukaenda kwa binti wa mapokezi. Naye alicheka, akafuta macho, kisha akatuuliza bila ubaya wowote, "Kwa hiyo zile familia ambazo hazikufurahi ni ninyi?"

Tukasema tunachelewa kwenda kuogelea.

Siku zilizofuata tulifanya kazi tuliyotumwa. Mimi nilikagua ngazi, soketi za umeme na kina cha bwawa. Sadru alikagua shuka. Nawaambieni ukweli, ile hoteli ilikuwa nzuri. Watu wake wana kelele na ucheshi. Ukipita, mtu anakuuliza umekula. Kuku wao wa moshi na pilipili hana mwenzake. Asubuhi hupika tunda fulani ambalo likiiva linafanana na mayai ya kuvuruga, wanalichanganya na ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na harufu yake ilinirudisha jikoni kwa mama yangu. Kwa hiyo nikatafuta kasoro kwa bidii.

"Bahari imetulia mno," nikamwambia Sadru. "Inachosha."

"Kweli," akasema. "Na shuka ni nyeupe kupita kiasi. Shuka ya namna hii inaficha jambo."

"Mchanga nao ni laini. Wazee watateleza."

"Watateleza wote."

Aliniangalia kwa pembe ya jicho. Yeye kuiponda hoteli hii ilieleweka, maana Gulzar alikuwa na yake. Lakini mimi ndiye niliyepaswa kuitetea, ni chaguo la mke wangu. Nikajifanya natazama ndege wa baharini.

Barbados, ambako hatukupanga kula

Toka Jamaika hadi Saint Lucia hakuna njia iliyonyooka. Tulipanda kindege mpaka Barbados, tukaambiwa tutabadilisha hapo. Kindege cha pili kilikuwepo uwanjani, tukakiona kwa macho, na chini yake tukaona miguu ya fundi. Miguu ile haikutoka. Mchana ukapita. Mwishowe tukaambiwa safari ni kesho yake.

Abiria wote walinung'unika. Sadru peke yake alikuwa na uso wa mtu aliyepata barua njema.

Dereva wa teksi aliyetuchukua alikuwa mama wa makamo, Bi Enid, mwenye kofia ya kanisani ingawa haikuwa Jumapili. Alitutazama kwenye kioo akauliza kama tumekula. Tukasema tumekula karanga. Alisononeka kama tumemtukana, akageuza gari, akatupeleka kwa dada yake ambaye anapika kwenye kibanda cha bati kando ya barabara.

Dada mtu alituwekea sahani mbili. Katikati palikuwa na mlima wa rangi ya dhahabu, laini, wenye bamia ndani yake. Pembeni samaki panzi, wale warukao, wamepikwa kwenye mchuzi wa nyanya. Sadru akaugusa ule mlima kwa kidole. Akaonja. Akasimama.

"Ugali!" akapiga kelele. "Ugali, bwana! Ugali!"

Mpishi akaweka mikono kiunoni. Sikuelewa, mpaka nilipokumbuka kwamba Kiingereza nacho kina neno linalosikika karibu sawa na hilo, na maana yake ni kitu chenye sura ya kuchukiza.

"Chakula changu kina sura mbaya?" mpishi akauliza polepole.

"Ndiyo, ugali!" Sadru akaendelea, machozi ya furaha machoni. "Ugali kama wa mama yangu!"

"Na mama yake tena," Bi Enid akasema, akijishika mdomo.

Nilitumia muda mwingi kueleza. Mwishowe mpishi alikubali kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, akamwongezea Sadru mlima wa pili, na alipokuwa akiuweka akatamka mwenyewe, kwa majaribio, "Ugali." Wateja wake wakaangua kicheko.

Tulinawa, tukala kwa mikono. Nadhani ni ule mkono kwenye ugali uliotulainisha. Sadru alikuwa anachambua mwiba wa samaki aliponiuliza, bila kuinua macho:

"Kaitano, kwa nini hukuitetea hoteli ya Filo?"

"Kwa nini wewe ulifurahi kindege kilipoharibika?"

Akatafuna. "Tusipofika Saint Lucia, hatuna cha kulinganisha."

"Na tusipokuwa na cha kulinganisha?"

"Hakuna mahali."

"Na pasipokuwa na mahali?"

Tukatazamana. Nawaapia, niliona kama ninajitazama kwenye kioo, ila kioo kina masharubu.

"Karim ndiye mwanangu pekee," akasema. "Baba yangu alihama Mwanza na masanduku mawili tu. Mali ilibaki, duka lilibaki. Kitu ambacho hakukiacha nyuma ni sala ya jioni. Nikaipokea mimi. Naogopa nisiwe wa mwisho kuisali."

"Na mimi naogopa ubatizo," nikasema.

Hatukuwa tumewahi kuambiana hayo, sisi ambao tumekula krismasi na idi kwenye meza moja.

"Na wakipata mahali?" nikamwuliza. "Utafanyaje?"

"Siku hiyo nitaumwa."

"Utaumwa nini?"

"Mgongo."

"Mgongo ni wangu," nikamwambia. "Tafuta kingine."

Akafikiri. "Moyo?"

"Moyo ni jambo kubwa, watakulaza hospitali. Chukua tumbo."

"Haya, tumbo," akakubali, na tukapeana mikono iliyojaa ugali. Bi Enid, ambaye hakuelewa neno hata moja, alitupigia makofi.

Saint Lucia, hoteli ya Gulzar

Tuliingia Saint Lucia tukiwa na furaha ya wezi. Barabara inapinda kama utumbo, na mwisho wake unaona milima miwili imechongoka imetoka baharini, mikali, mizuri hata mtu anasahau alichotaka kusema. Sadru alisema, "Milima hii itawatia watu kizunguzungu kwenye picha," nami nikamsifu kwa kuwa na macho makali.

Hoteli ya Gulzar ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Kule Jamaika hoteli inakukumbatia, hii inakuinamia. Kila chumba kina bwawa lake. Mto wa kulalia unauchagua kama unavyochagua nazi sokoni, kwa kuubonyezabonyeza. Tulipewa mhudumu wetu wenyewe, Alphonse, aliyevaa glavu nyeupe kwenye jua lile. Tulipomwambia mapema kabisa kwamba sisi ni wakwe na si maharusi, akainamisha kichwa akasema, "Kama mnavyopenda kuitwa, waheshimiwa."

Ila chakula! Sahani pana kama gurudumu, na katikati kipande cha samaki ambacho paka wa Tanga angekitazama na kuondoka. Jioni ya kwanza Sadru alimwuliza Alphonse kama hiyo ni ya kuonja. Akaambiwa hicho ndicho chakula. Baadaye tulikula mabaki ya mihogo ya Gulzar tukiwa tumening'iniza miguu bwawani, na tukahesabu kasoro mpaka mbavu zikauma kwa kicheko. Bwawa liko karibu mno na kitanda. Ukimya unapiga kelele. Mjusi mmoja amemtazama Sadru vibaya.

Asubuhi moja, tulipokuwa tumejinyoosha kwenye viti vya kulalia, akaja mama mmoja anatembea haraka, Bi Celestine, msimamizi wa harusi wa hoteli.

"Samahani, waheshimiwa," akasema. "Mna mashati?"

Tukasema tunayo.

"Na mnaweza kusaini majina yenu? Nina harusi sasa hivi na haina mashahidi."

Maharusi walikuwa Wakanada kama sisi. Bwana harusi, Tomasi, seremala mwembamba, alikuwa amesimama tayari kwenye mchanga. Bi harusi, Dana, anatoka Sudbury. Tulimkuta kwenye kivuli cha kibanda, gauni limekaa vizuri, anacheka haraka haraka kama mtu anayetaka jambo lipite.

"Asanteni kuja," akasema. "Baba yangu alikuwa afike jana. Amepiga simu, mgongo unamuuma."

Sadru akanitazama. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Pole," nikasema. "Mgongo ni kitu kibaya."

"Hana mgongo mbaya," Dana akasema. "Juzi alikuwa anatoboa barafu ziwani, anavua samaki. Hampendi Tomasi, basi." Akarekebisha maua yake. Kisha akamgeukia Sadru. "Unaweza kutembea na mimi mpaka pale? Si mbali."

"Mimi?" Sadru akasema.

"Una uso wa baba."

Sadru alikuwa na lile shati la mananasi. Akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni, akampa mkono. Mimi nikaenda kusimama karibu na msajili wa ndoa, nikawatazama wakija. Mpiga gita alikuwa ameshafika katikati ya wimbo, lakini Sadru alitembea taratibu, taratibu kuliko wimbo, kama amebeba maji. Walipofika hakumwachia. Msajili alikohoa. Akakohoa tena. Ndipo Sadru akauchukua mkono wa yule binti na kuuweka juu ya mkono wa Tomasi, akarudi kusimama kando yangu, akatazama bahari.

Tulisaini. Tukala keki. Halafu Dana akampigia baba yake simu ya video, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na maua, alinipa mimi niishike. Nikamwona yule mzee, wa umri wangu, ameketi jikoni kwake, nyuma yake dirisha lenye theluji. Ameketi wima kabisa. Hakuna mto mgongoni. Na alikuwa amevaa suti na tai.

"Umependeza," akamwambia binti yake.

"Baba, umevaa tai?"

"Nilikuwa natoka," akasema.

Hakuna aliyemwamini. Akauliza ni nani aliyemsindikiza. Nikaigeuza simu kwa Sadru. Wazee wale wawili walitazamana muda, mmoja na tai jikoni, mwingine na mananasi ufukweni. Nilidhani mzee atakasirika.

"Alitembea vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana," Sadru akasema. "Mtoto wako ana mkono wenye joto."

Mzee akaitikia kwa kichwa kwamba anajua. Kisha akasema mtandao ni mbaya, na akakata, ingawa mtandao ulikuwa safi.

Siku iliyobaki hatukutafuta kasoro yoyote. Alphonse alidhani tumegombana, akatuletea juisi mbili kwenye nazi moja.

Toronto

Kwenye ndege ya kurudi Sadru alikaa dirishani akitazama mawingu. Mimi nilijifanya nasoma gazeti. Habari za tumbo na mgongo hakuna aliyezigusa.

Walikuja wote kutupokea. Filo na Gulzar walikuwa wamekuja kwa gari moja la Karim, mmoja mbele, mmoja nyuma, na hata pale kwenye kizuizi walisimama huku na huku, katikati yao watoto. Kabla sijaweka begi chini, Filo akaniuliza.

"Haya. Ipi?"

"Saint Lucia," nikasema.

"Jamaika," Sadru akasema, sauti zetu zikagongana.

Wake zetu wakaduwaa.

"Saint Lucia ina milima," nikasema. "Gulzar ana jicho. Pale mtoto akisimama na gauni, dunia nzima itanyamaza."

"Na watu watakufa njaa!" Sadru akapaza sauti. "Filo ndiye aliyeona mbali. Jamaika kuna kuku, kuna kamba, kuna watu wanaocheka. Harusi ni watu, Kaitano, harusi si mlima!"

"Unasahau utulivu!"

"Nimwalike nani kwenye utulivu?"

Watu wenye vitoroli wakaanza kupunguza mwendo. Gulzar akamsogelea Filo. "Wamekula nini hawa?" akamwuliza, na lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu ugomvi uanze.

"Jua," Filo akamjibu. "Jua limewaingia kichwani."

Kwa wale mnaotaka kujua, Jamaika ilishinda. Waliolimaliza jambo ni hao hao wanawake wawili, njiani, wakiwa wamekaa kiti cha nyuma pamoja ili watuseme vizuri. Baraka za kanisa na za jamatikhana zitafuata hapa hapa, moja baada ya nyingine, na kuhusu wajukuu tumekubaliana tungoje kwanza wazaliwe.

Lakini pale kwenye kizuizi hakuna aliyejua hayo. Karim alikuwa anamtazama baba yake. Huyu kijana amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimwuliza anakujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Papa, mahali si kitu. Wewe utakuja?"

Sadru aliweka begi chini. Halafu, kwa kuwa ni Sadru, akaligeuza swali kuwa mzaha.

"Nitakuja kwa nini nisije? Tena Lorena nitamsindikiza mimi. Kazi hiyo nimeshaizoea."

"Wewe!" Nilisikia sauti yangu ikipanda mpaka darini. "Umsindikize nani? Huyu ni binti yangu! Wa kumsindikiza ni mimi, mchangani, kanisani, au hapa hapa penye mizigo!"

Uwanja mzima uligeuka. Hata mlinzi aligeuka. Lorena akaacha kitoroli.

"Umesema, baba," akaniambia. "Watu wote wamesikia."

Akaja akanishika mkono, na tukaanza kutembea kuelekea kwenye gari, Sadru nyuma yetu akilalamika kwamba ninakwenda haraka mno.